Klonidini: huingiwa polepole, hutokwa polepole

Kosa kubwa katika matumizi ya klonidini, dawa ya kushusha presha inayowatuliza pia watoto wenye papara, halifanyiki siku ya kwanza, siku ambayo kila mtu nyumbani yuko macho. Hufanyika mwezi wa tatu au wa nne. Mtoto ameshatulia, presha ya bibi imeshashuka, pakiti imebaki na vidonge viwili, kesho ni Ijumaa na kesho kutwa ni Idi. Mtu hujisemea si kitu, tutanunua Jumatatu. Ikifika Jumatatu asubuhi kichwa cha bibi kinagonga, moyo unamwenda mbio, mikono inatetema, na mashine ya presha inaonyesha namba kubwa kuliko zile zilizompeleka kliniki mara ya kwanza. Mwili ulioshikwa hatamu kwa miezi umeachiliwa ghafla. Hali hiyo huanza baina ya saa 18 na saa 72 baada ya kidonge cha mwisho, na imewahi kuwaishia watu kwa kiharusi.

Sisi tunaoigawa dawa hii na kuifuatilia majumbani tumejifunza kuipanga nyumba nzima kwa kanuni hiyo moja: huingiwa polepole, hutokwa polepole, na katikati haikatizwi.

Katika nyumba moja ya Kisauni au Majengo, hapa Mombasa, kidonge hiki chaweza kuwa cha watu wawili. Wa kwanza ni bibi mwenye presha iliyokataa kushuka kwa amlodipini, losatani na hidroklorothiazidi, maana siku hizi klonidini si dawa ya kuanzia. Huongezwa zile za kawaida zinaposhindwa. Wa pili ni mjukuu wa miaka 8 mwenye upungufu wa makini na wepesi uliopita kiasi, hali ambayo kliniki zetu huiita kwa herufi zake, ADHD. Majirani wakisikia huuliza, na wana haki ya kuuliza: mtoto apewe dawa ya presha kwa nini?

Jibu liko kichwani, wala si kwenye mishipa. Ndani ya shina la ubongo mna seli zinazomwaga noradrenalini, kemikali ya kuamsha mwili na kuutia mbio. Klonidini hushika vipokezi viitwavyo alfa-2, ambavyo kazi yake ni kuiambia seli kwamba imetosha. Seli hupunguza kumwaga, mishipa hulegea, moyo hupiga taratibu, presha hushuka. Vipokezi vya jamii hiyohiyo viko pia sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kushika wazo moja na kuuzuia mkono kabla haujapiga. Ndiyo maana kidonge ni kimoja na wagonjwa ni wawili.

Historia yake inaeleza madhara yake kuliko karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti. Iliundwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kampuni ya Boehringer Ingelheim, ikikusudiwa kuwa matone ya kuzibua pua. Karani mmoja wa huko aliyekuwa na mafua akatiwa matone hayo, akalala karibu siku nzima, presha ikashuka na mapigo yakapungua. Mwaka 1966 ikaanza kuuzwa kama dawa ya presha. Mwaka 2010 Marekani ikaidhinisha kidonge chake cha kutoa dawa polepole kwa watoto wa miaka 6 hadi 17 wenye ADHD. Usingizi, presha ya chini, moyo wa polepole: yale matatu yaliyoonekana kwa karani yule ndiyo yaleyale ya kuchungwa leo.

Kabla ya kidonge cha kwanza daktari anafaa kuambiwa mambo ambayo mara nyingi hayaulizwi kliniki ikijaa. Mtoto amewahi kuzirai akikimbia? Kuna mtu katika ukoo aliyefariki ghafla akiwa kijana? Figo zikoje? Swali la figo linamhusu bibi hasa, kwa sababu karibu nusu ya dawa hii hutoka mwilini bila kubadilika kupitia mkojo. Figo zikichoka, dawa hujikusanya, na kipimo kinapaswa kuwa kidogo.

Mzazi naye ajue anatarajia nini. Kwa umakini wa darasani klonidini haina nguvu za methilfenideti, dawa ya kawaida ya ADHD. Hupewa mtoto ambaye methilfenideti imemkosesha hamu ya kula au usingizi, au mwenye kutikisika uso na mabega bila kutaka, au huongezwa juu yake. Inachosaidia zaidi ni papara: kudakia maneno ya wenzake, kusukuma foleni, kuruka kutoka kitini, kugaragara kitandani hadi saa sita usiku. Usingizi huja usiku wa kwanza, lakini tabia huchukua wiki 2 hadi 4. Kuipima dawa siku ya tatu na kusema haifai ni kuidhulumu dawa na mtoto pia. Wala haimfundishi mtoto kusoma. Akishatulia bado atataka mwalimu wa kukaa naye karibu, na kwenye chuo cha Kurani atataka ustadhi anayejua kwamba huyu hakai kitako dakika arobaini bila kuinuka.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watoto huumizwa. Miligramu 0.1 ni sawa na mikrogramu 100. Pakiti moja huandikwa kwa miligramu, nyingine kwa mikrogramu, na vidonge havitengenezwi kwa nguvu moja duniani kote. Kuna vya mikrogramu 25, vya 75, vya 100, vya 150, na vya zaidi ya hapo. Familia za Mombasa zina jamaa Dubai, Maskati na London, na dawa huja ndani ya mkoba wa shangazi, imeshikwa kwa mapenzi yote. Lakini nusu ya kidonge cha 100 ni mikrogramu 50, na nusu ya kidonge cha 150 ni 75. Mkono umekata vilevile kama jana, na mtoto amepata mara moja na nusu ya kipimo chake. Kila pakiti mpya ikiingia mlangoni, muulize wa dukani hivi: "Daktari, kidonge kimoja hiki ni mikrogramu ngapi, na mwanangu anatakiwa apate mikrogramu ngapi usiku?" Majibu yawe namba mbili. Ziandike kwa kalamu juu ya pakiti papo hapo, kabla hujatoka dukani.

Dawa ya maji iliyochanganywa dukani ina hatari kubwa zaidi. Anayesoma mikrogramu akadhani ni miligramu hukosea mara 1,000, na kosa hilo limewahi kutokea. Uliza mililita moja ina mikrogramu ngapi, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kamwe si kwa kijiko cha chai, na chupa ya pili ikija usidhani ni sawa na ya kwanza.

Jina pia lisomwe herufi kwa herufi. Klonidini si klonazepamu, dawa ya kifafa na wasiwasi, wala si klozapini, dawa ya maradhi makubwa ya akili. Kwenye mwandiko wa mkono majina hayo matatu hufanana mno, na zote tatu huleta usingizi, kwa hiyo kosa halijitangazi siku ya kwanza. Kuna pia ndugu yake aitwaye guanfasini, ambayo nayo ni ya presha na ya ADHD. Hiyo hupimwa kwa miligramu nzima, 1 hadi 4, na haimezwi pamoja na mlo wa mafuta mengi kwa sababu mafuta huifanya iingie mwilini kupita kiasi. Hizi mbili hazibadilishwi kidonge kwa kidonge.

Kukata kidonge kunahitaji utulivu. Kwanza hakikisha ni cha kawaida. Kile cha kutoa dawa polepole, ambacho pakiti yake aghalabu huwa na herufi kama ER au XR, hakikatwi, hakisagwi, hakitafunwi. Ukikivunja, dawa iliyokusudiwa saa nyingi humwagika tumboni kwa mara moja. Cha kawaida ni kidogo, karibu na punje ya mbaazi. Kausha mikono. Kiweke ndani ya kifaa cha kukatia vidonge, mstari wake ulingane na wembe, kisha funga kifuniko kwa mkandamizo mmoja wa haraka. Ukibonyeza taratibu kwa kusitasita, kidonge hupasuka pembeni na kubaki unga. Kisu cha jikoni hukirusha chini ya kabati, na chini ya kabati ndiko anakotambaa mdogo wake.

Nusu mbili hazilingani kamwe, na hilo halina neno mradi nusu ya pili ndiyo inayotumika usiku unaofuata. Kubwa ya leo hufidiwa na ndogo ya kesho. Usikate vya mwezi mzima. Hewa yetu ina unyevu, na wakati wa masika nusu iliyoachwa wazi hulainika, ikaanza kumeguka siku ya tatu. Kata kimoja, tumia nusu, nusu nyingine irudi kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko. Kikisagika, usikusanye unga kwa kidole ukikadiria. Kitupe, ukate kingine, na uandike kwenye daftari kwamba kimepungua kimoja. Kisha pangusa meza na kifaa kwa kitambaa kibichi.

Vipimo ni vya daktari, lakini mzazi anayejua mipaka hutambua mapema kosa la karatasi. Mtoto aliye chini ya kilo 45 akitumia kidonge cha kawaida huanza na miligramu 0.05 wakati wa kulala, na huongezwa 0.05 kwa awamu, kwa siku kadhaa au wiki baina ya awamu na awamu. Wa kilo 27 hadi 40 hivi kwa kawaida hapitishwi miligramu 0.2 kwa siku, na hata aliyezidi kilo 45 hapitishwi 0.4. Kile cha polepole huanza na 0.1 usiku, huongezwa 0.1 kila wiki, na kikigawanywa mara mbili kipimo cha usiku huwa sawa na cha asubuhi au kikubwa zaidi, usingizi wake umalizikie kitandani. Mtu mzima mwenye presha huanza na 0.1 mara mbili kwa siku. Ukiona namba iliyoruka mipaka hii, uliza kabla hujanunua. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa.

Mashine ya presha ya mtu mzima haimfai mtoto kwa sababu ya mkanda wake. Mkanda mkubwa kwenye mkono mwembamba hushusha namba kwa uongo, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene wa bibi huipandisha kwa uongo. Nunua mkanda wa mtoto peke yake kama mashine inaukubali. Mpimwaji aketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imegusa chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kuzungumza. Asiwe ametoka kupanda ngazi za ghorofa ya nne huko Mji wa Kale, wala kunywa kahawa tungu nusu saa iliyopita. Kisha asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na ya 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, dawa inamwangusha anaposimama, na daktari aelezwe.

Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 kuna hesabu nyepesi ya kukumbuka: zidisha umri wake kwa 2, ongeza 70. Wa miaka 8 hupata 86. Namba yake ya juu ikiwa chini ya hapo, presha imeshuka mno. Kuanzia miaka 10 mpaka ni 90. Mapigo yahesabiwe kwa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, dakika nzima kwa saa yenye mshale wa sekunde. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Moyo uliopunguzwa kasi na dawa unaweza kuruka pigo, na katika sekunde 15 hutalisikia. Mtoto aliye macho ambaye mapigo yake yako chini ya 60, au anayelala kitini saa tatu asubuhi na kuamka kwa shida, kipimo kinachofuata kisitolewe kabla ya kuzungumza na daktari. Daktari akiambiwa "anasinzia" atauliza maswali kumi. Akiambiwa "presha 82 kwa 48, mapigo 56, saa tatu na robo asubuhi" anajua la kufanya.

Joto letu nalo ni sehemu ya tiba hii. Januari hadi Machi mtu hutoka jasho hata akiwa amekaa, na mwili uliokauka maji pamoja na dawa inayoshusha presha ni njia ya kuanguka. Mtoto abebe chupa ya maji shuleni, na mwalimu ajue kwamba anaruhusiwa kunywa. Asisimamishwe juani kwenye gwaride. Bibi akiamka kwa sala ya alfajiri akae ukingoni mwa kitanda dakika 2, miguu chini, ndipo aende kutawadha. Kuinuka kutoka sijda ni kusimama kwa ghafla kama kusimama kwingine kokote. Siku za mwanzo, na kila kipimo kinapoongezwa, aswali karibu na ukuta au kwenye kiti. Tunasisitiza hili kwa sababu nyonga iliyovunjika kwa kuanguka msalani humweka mzee kitandani kwa miezi.

Mdomo hukauka. Watoto hutafuta cha kufyonza, na cha karibu ni ubuyu wa rangi wenye sukari. Mate yakiwa machache sukari hukaa juu ya meno muda mrefu, nayo huoza upesi. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo, apige mswaki usiku kabla ya kidonge, na ubuyu uwe wa siku moja moja. Choo kigumu huzuiwa kwa maji, papai, mchicha na mbaazi. Ndoto mbaya, huzuni isiyo ya kawaida au hasira za jioni huandikwa kwenye daftari pamoja na saa zake. Hasira za jioni kila siku saa ileile aghalabu huonyesha dawa inaisha mwilini, kwa kuwa watoto huitoa upesi kuliko wakubwa.

Sasa turudi kwenye kukatika kwa dawa. Weka akiba ya siku 14 ambayo haiguswi. Ikifika kwenye akiba, ndio wakati wa kutafuta, si wakati wa kumaliza. Piga simu dukani kwanza, utaje jina na mikrogramu, usivuke feri ya Likoni ukidhani ipo. Kikikosekana kidonge cha nguvu unayotumia, usikubali cha nguvu nyingine bila hesabu mpya iliyoandikwa. Safari ya Lamu, ya bara au ya umra, dawa huingia mkoba wa mkononi, kwenye pakiti yake, pamoja na nakala ya karatasi ya daktari.

Kipimo kimoja kikisahaulika, kiache kipite. Endelea na kinachofuata kwa saa yake. Usimeze viwili kufidia. Vikipita viwili mfululizo au zaidi, usirudie kipimo kizima kama kwamba hakijatokea kitu; mpigie daktari, maana huenda ikabidi kuanza chini tena. Kutapika ndiko kunakowapata watu bila kujua. Mtoto mwenye malaria au tumbo la kuhara asiyeweza kuzuia kidonge amekatiziwa dawa, ingawa kila usiku unampa. Akitapika vipimo viwili, mpeleke hospitali na useme kwa sauti kwamba anatumia klonidini.

Vilevile kabla ya kung'olewa jino kwa dawa ya usingizi, au tohara ya likizo ya Desemba ikifanywa hospitalini: anayemlaza mtoto aambiwe. Dawa haiachwi asubuhi ya upasuaji ila kwa amri yake.

Hatari ya kukatiza huzidi sana mgonjwa akiwa na dawa za jamii ya propranololi na atenololi. Kwenye pakiti utaona jina linaishia kwa herufi olol. Klonidini ikitoka ghafla, noradrenalini hufurika. Dawa hizi huziba njia inayolegeza mishipa, ile inayoibana ikabaki bila mpinzani, na presha hupanda kwa kasi ya kutisha. Kama zote mbili zinaachwa, ya olol huachwa kwanza, siku kadhaa kabla, ndipo klonidini ianze kupunguzwa. Pamoja zikitumiwa, zote huupunguza moyo kasi, hivyo kuhesabu mapigo si hiari.

Dawa za mafua zenye kuleta usingizi, Piriton ikiwemo, huongeza usingizi juu ya usingizi. Mtoto mwenye mafua asipewe bila kuuliza. Amitriptilini, ambayo wazee wengi hupewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, huipinga klonidini hadi presha ikarudi juu, na mara nyingi aliyeiandika hakujua kuna klonidini nyumbani. Pombe huongeza usingizi na kuangusha presha. Muguka na miraa huvuta upande wa pili: kathinoni iliyomo huamsha moyo na kupandisha presha. Mei 2024 serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na mjadala ukawa wa riziki na kodi. Kwa mwenye presha jambo ni fupi zaidi. Anayetafuna mchana na kumeza klonidini usiku anauvuta moyo wake pande mbili, na hakuna daktari anayeweza kupata kipimo sahihi kwa mtu huyo asipoambiwa ukweli. Kijana aulizwe bila kufokewa, maana akifokewa atakataa.

Ramadhani huja na swali lake kila mwaka. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mchana wa saumu ni kama saa 13 na nusu, miaka yote. Anayemeza mara moja usiku hana tatizo. Anayemeza mara mbili anaweza kupangiwa futari na daku: kidonge cha saa kumi na mbili na nusu jioni na cha saa kumi alfajiri huacha mwanya wa saa 14 na nusu mchana, ambao watu wazima wengi huumudu kwa kuwa baada ya saa 12 hadi 16 nusu ya dawa huwa bado imo mwilini. Lakini mpango huo uandikwe na daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, presha ipimwe alasiri siku za kwanza, na anayepata kizunguzungu afungue saumu. Futari ya achari na papa wa chumvi usiku kucha huiharibu kazi yote. Na mtoto wa miaka 8 hajafikia umri wa kulazimika. Akitaka kufunga nusu siku na wenzake, asikose maji kwenye joto.

Hatari ya mwisho ni mdogo wake. Kidonge kimoja tu cha miligramu 0.1 kimewahi kumlaza mahututi mtoto wa miaka miwili. Ndani ya nusu saa hadi saa 2 husinzia asiamshike, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, mwili hupoa, moyo hupiga polepole, pumzi huwa fupi na za mbali. Mwanzoni presha yaweza hata kupanda kidogo, kisha ianguke. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Mlaze ubavu, chukua pakiti, hesabu vilivyobaki, nenda hospitali yenye wodi ya dharura iliyo upande wako wa maji. Usipange foleni ya feri kutafuta kubwa zaidi. Sema saa aliyomeza. Hospitalini watamsaidia kupumua na kumtilia maji, na wakati mwingine hujaribu naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na dawa za jamii ya morfini.

Kwa hiyo dawa hukaa kabatini juu, kwa kufuli, ndani ya pakiti yake, si kwenye mkoba wa bibi unaoning'inia kitasani. Si jikoni karibu na jiko, si bafuni, si ndani ya gari lililoegeshwa juani. Anayetumia ile plasta ya dawa ya kubandika ngozini, inayokaa siku 7, ajue iliyobanduliwa bado ina dawa nyingi. Jasho letu huibandua yenyewe usiku, na mtoto huiokota akaibandika mkononi au akaitafuna. Ikunjwe upande wenye gundi kwa ndani, itupwe pasipofikika.

Siku ya kuiacha ikifika, chagua mwezi usio na mtihani, safari wala harusi. Kwa kile cha kutoa polepole, kisipunguzwe zaidi ya miligramu 0.1 kila siku 3 hadi 7. Kwa mtoto mdogo wa kidonge cha kawaida madaktari hushuka kwa 0.05. Aliye kwenye 0.2 akishuka 0.05 kila wiki humaliza kwa wiki 4. Ratiba hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, kila usiku utiwe alama. Presha na mapigo yapimwe asubuhi na jioni muda wote huo, na siku 4 zaidi baada ya nusu ya mwisho. Namba zikipanda, au kichwa kikianza kugonga, usishuke hatua nyingine. Mpigie daktari siku hiyohiyo, naye huenda akakurudisha hatua moja juu. Zikitulia hadi siku ya nne, vidonge vilivyobaki virudishwe duka la dawa vikaharibiwe huko, visiachwe kabatini kumsubiri jirani mwenye presha.